Kutoka Rusumo hadi mapango ya Musanze: mwongozo kwa msafiri wa Ngara na Biharamulo

Ukiishi Ngara au Biharamulo na hamu ya kuingia pangoni ikakushika, usianze kwa kuhesabu nauli ya Tanga. Mapango ya Amboni yana sifa yake na yanastahili, lakini kutoka Rusumo hadi kule ni zaidi ya kilomita 1,000, nchi nzima unaikata kutoka magharibi hadi mashariki. Ukivuka Daraja la Rusumo na kuingia Rwanda, safari ya takriban kilomita 260 inakufikisha Musanze, mji uliokuwa ukiitwa Ruhengeri, chini ya milima ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Hapo kuna mapango yenye urefu wa kama kilomita mbili chini ya ardhi, yenye ngazi, njia na waongozaji. Yapo kando ya mji, nje kidogo ya mipaka ya hifadhi yenyewe, ila yanasimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, pamoja na vivutio vingine vya hifadhi hiyo, na huko ndiko kibali chake kinakopatikana.

Mwongozo huu ni wa safari hiyo. Lakini kabla ya pasipoti, kabla ya nauli, kuna jambo moja ambalo mtu wa Kagera hana ruhusa ya kulipuuza.

Jiulize kwanza nani anaishi mle ndani

Pango ni nyumba ya popo. Katika sehemu zetu hizi, kuanzia Uganda magharibi hadi Kagera na Rwanda, popo mmoja wa matunda, yule mkubwa wa rangi ya kahawia anayelala mapangoni na kwenye machimbo kwa maelfu, ndiye anayebeba virusi vya Marburg bila yeye mwenyewe kuugua. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1967 huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, kwa watu walioshughulika na tumbili wa maabara waliotoka Uganda. Tangu hapo umerudi mara kwa mara, na ukifuatilia chanzo chake mara nyingi utafika kwenye shimo lenye popo.

Mwaka 1980 na tena 1987, wageni wawili waliokuwa wametembelea pango la Kitum katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, Kenya, waliugua na kufa. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na watafiti wakavipata virusi hai ndani ya popo wa mgodi huo. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliingia Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, akarudi kwao na kufariki. Mtalii mwingine kutoka Marekani aliyeingia pango hilohilo miezi michache kabla yake aliugua sana, akapona. Ukiwaacha wachimbaji, wote hao walikwenda kutalii, kama unavyotaka wewe.

Kwetu hatuhitaji kusimuliwa. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba, wakaugua watu tisa na kufariki sita. Septemba 2024 ikatangazwa Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15, wengi wao wahudumu wa afya, na uchunguzi wa mgonjwa wa kwanza ukaelekeza kwenye machimbo ya madini yenye popo wa matunda. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mlipuko ndani ya wilaya ya Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha, Machi 13, walihesabiwa watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua, na wote kumi walikuwa wamefariki.

Sikuandikii haya ili ubaki nyumbani. Nayaandika kwa sababu kanuni ya kuchagua pango inatoka hapo, na ni nyepesi kuikumbuka. Pango lenye usimamizi, mwongozaji na vifaa, unaingia kwa masharti yake. Pango linalojulikana kuwa makazi ya popo wa matunda kwa maelfu, unalitazama kutoka nje. Na shimo lisilo na mwenyewe, hasa duara la dhahabu lililoachwa, huingii hata kwa dakika moja, hata kama wenzako wanaingia kila siku. Biharamulo ni wilaya ya dhahabu. Maduara yaliyoachwa yapo, na vijana huyaona kama sehemu ya kuchezea au ya kujibanza na mvua. Mapango yanayofaa kwa utalii yana lango, mlinzi na risiti.

Musanze pia ina popo, usije ukaambiwa vingine. Ndiyo maana hatua ya kwanza kabisa ya safari hii ni kuwauliza RDB, kwa simu au kwenye ofisi zao, kama mapango yamefunguliwa katika wiki unayokusudia kwenda. Mlipuko ukitokea popote katika ukanda huu, pango huweza kufungwa bila notisi ndefu, na ukifika getini ukaambiwa halifunguki leo, mshukuru aliyekuambia, usimtafute kijana wa mtaani wa kukuingiza kwa upande mwingine. Mapango yale yana matundu mengi ya kuingilia, na anayekuonyesha tundu la pembeni hakusaidii.

Wapo ambao ningewashauri wabaki juu, wafurahie mji. Mjamzito. Mwenye pumu. Mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini kwa sababu yoyote ile. Samadi ya popo ikikauka huwa na kuvu ambao mtu akivuta vumbi lake huweza kuugua mapafu, na ugonjwa huo humwelemea zaidi mwenye kinga dhaifu. Watoto wadogo nao, kwa sababu rahisi kwamba hawaachi kushika vitu na kutia vidole mdomoni.

Karatasi na daraja

Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi kuvuka. Uwe na pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na ofisi ya Uhamiaji kwa safari za nchi jirani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza kuingia Rwanda. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hata siku isipoulizwa, siku itakapoulizwa utajua thamani yake.

Rusumo ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Aprili 6, 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, pamoja na daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani. Utaratibu wake ni huu: unapotoka Tanzania huna haja ya kugongewa mhuri upande wetu kisha ukapange foleni tena ng'ambo. Unavuka, na kwenye jengo la upande wa Rwanda unawakuta maafisa wa nchi zote mbili, mmoja anakutoa, wa pili anakuingiza. Wakati wa kurudi mambo yote yanamalizikia upande wa Tanzania.

Mifuko ya plastiki iache. Rwanda iliipiga marufuku tangu mwaka 2008, na mizigo hukaguliwa. Nguo zako, sabuni na vitafunio viweke kwenye mfuko wa kitambaa au begi. Hili litakusaidia pia pangoni, kama utakavyoona.

Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukiondoka upande wa Tanzania saa nne asubuhi, ukishuka upande wa pili ni saa tatu. Kwenda, umepewa saa ya bure. Kurudi, inakatwa. Wengi huachwa na basi la Kahama au Mwanza kwa kusahau hili.

Ukiwa na gari lako, jiandae kwa jambo ambalo madereva wa malori yaliyojipanga Benaco wanalijua kwa damu: Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Hapo mpakani magari yanabadilishana upande, na kwa kilomita chache za mwanzo macho yako yatakudanganya, hasa kwenye mzunguko na unapotaka kumpita mwenzio. Usianze kwa kuovateki. Kata bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuvuka, fuata taratibu za forodha za kuingiza gari kwa muda, na uheshimu mwendo ulioandikwa kwenye vibao, maana barabara za Rwanda zina kamera na faini inakufuata hadi mpakani. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ningesema gari liache Ngara, panda basi. Utaiona nchi vizuri zaidi.

Kabla ya kuvuka, jipe nusu saa ya kuangalia maporomoko. Mto Kagera unabanwa kwenye mwamba na kushuka kama mita 15, na kelele yake inasikika hadi darajani. Maji hayo sasa yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapahapa ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipoingilia Rwanda mwaka 1894. Na ni juu ya daraja la zamani la hapa ambapo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, walivuka watu wapatao 250,000 ndani ya saa 24 wakikimbilia Ngara. Wazee wa Kasulo wanakumbuka mlima mzima ulivyogeuka mahema. Historia hiyo uwe nayo moyoni unapokwenda Rwanda. Usimuulize mwongozaji wala mwenye gesti yeye ni kabila gani. Swali ambalo kwetu ni la kawaida la kufahamiana, kule ni kidonda.

Lini uende

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kizuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji huchuruzika pangoni, mawe yanateleza, na milima huwezi kuiona kwa mawingu. Ukikosa nafasi kiangazi, Januari na Februari zinafaa.

Kuna siku za kuepuka ambazo mgeni hazijui. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi wa taifa. Asubuhi hiyo hadi karibu na mchana maduka yanafungwa na mabasi hayatembei. Ukipanga kuingia pangoni asubuhi ya siku hiyo umepoteza siku. Wiki inayoanzia Aprili 7 ni maombolezo ya kitaifa ya mauaji ya kimbari, si wakati wa kutalii na kupiga picha za kucheka. Na karibu na sherehe ya Kwita Izina, ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani, ambayo kwa kawaida hufanyika Kinigi mwezi Septemba, vyumba vya Musanze hujaa na bei hupanda. Kama unataka kuiona sherehe, weka chumba mapema. Kama unataka pango tu, nenda wiki nyingine.

Njia

Kutoka Biharamulo unapita Lusahunga, Nyakahura, Benaco hadi Rusumo. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, barabara ya malori mazito. Kutoka Ngara mjini unateremka Benaco na kukunja kushoto kwenda mpakani. Kwa usafiri kuna Hiace na michomoko, yaani magari madogo ya abiria. Kwenye mchomoko hesabu abiria kabla ya kupanda. Hakuna pango linalostahili kukaliwa watu wanne kiti cha mbele.

Upande wa pili, mabasi ya Kigali yanapita Kibungo, Kayonza na Rwamagana, kama kilomita 160, na tenga saa tatu hadi nne. Shuka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, ambapo ndipo unapopata basi la Musanze. Hapo ni saa mbili nyingine za kupanda na kuzunguka milima, na ukiwa na tumbo la kutapika kaa mbele. Ukiondoka Rusumo asubuhi na mapema, jioni uko Musanze ukiwa umekula Kigali.

Kilicho rahisi kwa mtu wa kwetu ni lugha. Ukiongea Kihangaza au Kishubi utaelewana na Mnyarwanda kwa mambo mengi bila mkalimani, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Sokoni Musanze, karibu na Uganda na Kongo, Kiswahili kinatembea vizuri tu. Salimia kwanza. Ukimkuta mzee, mpokee kwa mikono miwili. Watu wa kule wanapima adabu kwa salamu kama tunavyopima sisi.

Fedha badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, chukua risiti. Wale vijana wanaokimbilia mlango wa basi wakiwa na bunda la noti mkononi waache. Beba kitu cha kuthibitisha uraia wako unapokata kibali cha pango, na uliza wazi bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa maana RDB hutofautisha bei kwa wenyeji, wakazi na wageni wa mbali. Bei hubadilika, hivyo iulize siku unayopanga, usitegemee aliyoilipa rafiki yako mwaka juzi. Kibali kishughulikie siku moja kabla.

Lala Musanze usiku wa kwanza. Mji uko kwenye mita kama 1,850, na jioni baridi inashuka kutoka milimani. Mtu wa Ngara atajiona yuko nyumbani. Wa Biharamulo achukue sweta.

Ndani

Fika pangoni ukiwa umevaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu, soksi ndefu, na gambuti au viatu vigumu vinavyofunika kifundo. Kofia ngumu na tochi hutolewa pale, lakini tochi ya kichwani ya kwako ni bora, na uwe na betri za akiba. Ongeza barakoa, ile nzito inayobana pua, na glavu. Hakikisha una maji na sabuni au kitakasa mikono kwa ajili ya kutoka. Chakula na maji ya kunywa viache juu. Mle hamliwi, hamnywewi, wala hamfutwi jasho usoni kwa mkono.

Unashuka kwa ngazi. Hatua za mwanzo bado una mwanga wa jua, na majani ya kangaga yameota kwenye kuta zenye unyevu. Kisha paa linakuja juu yako na hewa inabadilika, inakuwa baridi na nzito, na unaanza kusikia tone moja moja la maji likianguka mahali usipopaona. Ukuta ukiumulika utaona haukuchongwa na maji kama pango la chokaa la Amboni. Ni jiwe jeusi la kijivu, lenye mistari ya ulalo kama rafu nyembamba kando, na sehemu nyingine lina vinundu vilivyoganda vikiwa vinadondoka.

Maelezo yake ni haya. Hapa palipita mito ya lava, jiwe lililoyeyuka kutoka kwenye volkeno za juu. Uji ukitulia chunguni, juu hufanya utando huku chini bado unachemka. Na lava ilifanya hivyo: uso wake ukapoa na kuwa paa gumu, ndani ikaendelea kutiririka, na chanzo kilipokatika ikamwagika yote kuelekea chini, ikaacha mrija mtupu. Ile mistari ya ukutani ni vimo ambavyo lava ilisimama kwa muda kabla ya kushuka tena. Vile vinundu ni matone ya paa lililokuwa bado laini. Kila unapoona mwanga ukishuka kutoka juu, ni mahali ambapo paa lilianguka, na matundu kama hayo ndiyo yanayoleta hewa safi na kufanya njia ipitike.

Simama chini ya tundu moja la namna hiyo na usikilize. Juu yako kuna mashamba. Watu wanalima viazi mviringo, wanachunga mbuzi, wanakwenda shule, na wewe uko chini ya miguu yao. Udongo ule ule mweusi wanaoulima ni volkeno iliyosagika, na hiyo ndiyo sababu Musanze inalisha Kigali kwa viazi. Kwa vizazi vingi wenyeji wa hapa walikimbilia humu wakati wa vita, kwa hiyo pale mwongozaji atakapopunguza sauti, punguza na wewe.

Popo utawaona au utawasikia, wamening'inia mchana huo wakilala. Usiwamulike tochi moja kwa moja, usipige kelele ili waruke, usipige picha na mwanga wa flashi. Popo akiruka kwa hofu hukojoa na kunya juu ya kichwa chako, na huko ndiko hatari iliko. Akianguka mmoja, usimguse, akiwa hai au mfu. Ukuta usiuegemee, na ukilazimika kushika jiwe ili usianguke, ni glavu inayoshika. Simu nayo ina tabia mbaya: unaipigia picha kwa mkono uliochafuka, kisha unaipeleka shavuni. Iache mfukoni hadi utoke, au mwachie mwenzako mmoja kazi ya picha na yeye aifute kwa spiriti akifika juu.

Tembea nyuma ya mwongozaji, usimpite. Jiwe la pangoni halitoki pangoni. Ziara nzima ni saa moja na nusu hivi hadi mbili, na hamu ya kuendelea ikikushika usimshawishi mwongozaji afungue sehemu isiyofunguliwa.

Ukitoka, utaratibu uwe huu: vua glavu kwa kuzipindua ndani nje, osha mikono kwa sabuni, kisha vua barakoa, osha tena. Gambuti zisuguliwe na maji kabla ya kuingia kwenye gari. Nguo za pangoni zibadilishe siku hiyohiyo, zifunge kwenye mfuko wa kitambaa peke yake, na ukifika zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto. Mama au mke asije akazichambua kwa mikono mitupu kwa sababu wewe umechoka.

Mchana uliobaki unaweza kwenda kuziona Burera na Ruhondo, maziwa pacha yaliyo chini ya Muhabura, bila gharama kubwa. Sokwe wa milimani ni habari nyingine. Kibali chake kwa mgeni wa kimataifa kimekuwa dola 1,500 tangu 2017, na hilo lipange kama safari yake yenyewe.

Kama unataka kuona popo hasa

Wapo wanaovutiwa na popo wenyewe kuliko jiwe. Kwa hao, Maramagambo ndiyo jibu. Kutoka Bukoba unavuka Mutukula kuelekea Masaka na Mbarara hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth. Baada ya msiba wa 2008, Uganda ikisaidiwa na CDC ya Marekani ilijenga mahali maalumu pa kutazamia kwa mbali, na wageni hawaingii tena ndani. Unaona maelfu ya popo na, ukiwa na bahati, chatu wanaowawinda. Kitum ya Mlima Elgon, ambako tembo huingia gizani usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao, ni maajabu makubwa zaidi kuliko yote niliyoyataja hapa. Ila kwa yale yaliyotokea 1980 na 1987, ningesimama mdomoni mwa pango na kuishia hapo.

Kwa wanaotaka wanyama bila mashimo, Burigi-Chato mnayo mlangoni. Ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ina kilomita za mraba 4,707, na mtu wa Biharamulo anaweza kwenda na kurudi jioni.

Siku 21 baada ya kurudi

Marburg huchukua siku 2 hadi 21 kabla ya kujitokeza. Iandike tarehe uliyoingia pangoni kwenye simu, uhesabu siku 21 mbele. Huna haja ya kujifungia ndani. Endelea na kazi zako, lakini homa kali ya ghafla, kichwa kinachogonga, maumivu ya misuli au kuharisha ndani ya siku hizo usiviite malaria kwa kubahatisha na kununua dawa dukani. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uelekezwe, na usipande basi lililojaa watu. Ukifika zahanati, kabla hujagusa kiti wala kumpa mhudumu mkono, mwambie: niliingia pangoni tarehe fulani. Katika mlipuko wa Rwanda wa 2024, waliougua zaidi ni wahudumu wa afya. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayomfanya muuguzi wa Benaco au Nyakahura avae glavu na barakoa kabla ya kukugusa. Unamdai huduma, naye anakudai taarifa hiyo.